Ongeza nguvu dada, mbona sisikii

Kuna maneno nayasikia kazini kuliko hata jina langu, "ongeza nguvu dada, mbona sisikii". Mtu kalala kifudifudi, uso kauweka kwenye lile tundu la kitanda, ngumi kazikunja, vidole vya miguu vimejikaza, pumzi kaibana kabisa, halafu anasema hasikii. Anasikia bana. Mwili wake wote unasikia na unapambana na mimi, ila kichwani kashaamua kwamba masaji isiyouma ni hela imetupwa, kwahiyo anataka aumie umie kidogo ndo aondoke ameridhika. Na sio wateja tu, hata watu wa nyumbani kwangu wanaoijua hii kazi yangu vizuri bado wanaamini nalipwa kwa sababu nina mikono yenye nguvu. Sina. Mikono yangu ya kawaida tu, kopo likibana mfuniko bado naita mtu.

Msuli ukiuvamia unajikaza. Wala sio siri ya fani hiyo, mtu akikushtua kwa nyuma mabega yanapanda juu yenyewe kabla hata hujajua ni nani, na ukimbonyeza mtu kwa pupa kinachotokea ni hichohicho, mwili unajilinda. Sasa we unaongeza nguvu, wenyewe unaongeza kujikaza, mnashindana hivo saa nzima, kesho yake mteja kaamka na alama za bluu mgongoni anawaonyesha watu, "yule dada anajua kukanda, ona". Hiyo sifa siitaki kabisa, bora angelalamika. Alama ya bluu ni vimishipa vidogo vya damu vimepasuka chini ya ngozi, basi, haijamtibu mtu kitu.

Presha nzito ipo na naitumia sana tu, ila inaingia taratibu. Chukua lile eneo ambalo karibu kila mtu ananionyesha kwa kidole akifika, pale kona ya juu ya kombe la bega, upande wa ndani. Kuna msuli umeshikilia hapo, unapanda hadi kwenye pingili nne za juu kabisa za shingo, na kazi yake ni kuinua hilo kombe. Anayekaa na kompyuta kutwa, anayebeba mtoto upande uleule kila siku, anayebana simu kati ya sikio na bega huku anapika, wote wananijia huo msuli umekaza mpaka ukipitisha kidole unausikia umesimama. Siendi na dole gumba pale. Naweka mkono wa chini, ule upande bapa karibu na kiwiko, nasimama mguu mmoja mbele mwingine nyuma, halafu naegemea. Sisukumi, naegemea tu. Akitoa pumzi nazama kidogo, akivuta nabaki palepale, akitoa nazama tena. Mwanzoni msuli unakataa, unateleza unakimbilia upande wa pili, na ukianza kuufukuza huko na huko umeshapoteza. Ukitulia nao, baada ya pumzi kadhaa unaanza kulegea chini ya mkono, na mara nyingi vidole vya mteja vinashtuka kidogo au tumbo linaanza kuunguruma.

Hilo la tumbo nalipenda sana jamani. Watu wanaona aibu, wanaomba samahani, kumbe ni ule upande wa mfumo wa neva unaohusika na kupumzika na kusaga chakula ndo umeamka, maana yake mwili umeacha kujihami. Kukoroma pia ruksa, kudondosha mate ruksa, nimeshayaona yote na wala sikumbuki ya nani yalikuwa ya nani.

Na hapohapo ndo mteja anasema, "eeh, hapo sasa, umeongeza nguvu si ndio?" Sijaongeza chochote, uzito ni uleule, yeye ndo kaacha kunizuia.

Uzito ndo kila kitu kwenye hii kazi, na uzito unatoka miguuni na kiunoni, sio mabegani. Ukiangalia wenzetu wa zamani waliojua hii shughuli utaona wote walifika palepale kila mmoja kwa njia yake. Masaji ya Kithai haitumii kitanda wala mafuta, mteja anabaki na nguo zake, analala kwenye godoro chini na mkandaji anatumia viganja, viwiko, magoti na hata nyayo, yaani uzito wa mtu mzima unashuka kwako taratibu. Pale kwenye hekalu la Wat Pho mjini Bangkok kuna michoro ya mwili iliyochongwa kwenye mawe tangu enzi za mfalme Rama III, karne ya 19, inaonyesha njia na vituo vya kubonyeza, na mwaka 2019 UNESCO wakaiingiza hiyo masaji kwenye orodha yao ya urithi wa binadamu. Shiatsu, masaji ya Kijapani, nayo ni chini sakafuni, mikono imenyooka, mtu anaegemea. Hii ya mafuta ambayo wengi tunaifanya na inaitwa ya Kiswidi, sifa kapewa Per Henrik Ling, mwalimu wa mazoezi ya viungo aliyefungua chuo Stockholm mwaka 1813, ila ile mipapaso na mikando yenyewe kama tunavyofundishwa darasani inahusishwa zaidi na daktari mmoja wa Uholanzi, Johan Georg Mezger, aliyekuja baadaye sana. Mswidi kabeba jina, Mholanzi kafanya kazi. Mambo ya dunia hayo.

Mikono sasa. Kinachowatoa watu wengi kwenye hii fani sio kukosa wateja, ni dole gumba. Lile ungio la chini kabisa la dole gumba, pale linapokutana na kifundo cha mkono, limeumbwa lizunguke huku na huku ili ushike vitu, halikuumbwa kubeba uzito wa mtu anayeegemea saa sita kwa siku. Mtu anaanza kazi kijana, ana moto, kila fundo la msuli analifuata na dole gumba kwa sababu dole gumba linasikia vizuri kuliko kitu chochote, miaka michache baadaye hawezi kufungua mlango kwa ufunguo bila kukunja uso. Mi dole gumba nalitunza kwa ajili ya sehemu ndogondogo, chini ya kisogo, kiganjani, kuzunguka kifundo cha mguu, na hata hapo nalisaidia na mkono wa pili. Kazi kubwa ya mgongo na mapaja inafanywa na mkono wa chini na kiwiko. Wateja wengine wakisikia kiwiko wanashtuka, wanadhani nataka kuwavunja, ila kiwiko ukikiweka bapa kinatulia kuliko dole, tatizo lake ni kwamba hakisikii vizuri, kwahiyo lazima uwe umeshasoma mwili kwa mkono kabla hujakileta.

Na ukweli mwingine ambao wenzangu hawapendi tuuseme mbele za watu. Hatutoi sumu. Kila siku naulizwa, "sumu zimetoka?" na kuna mabango kabisa yameandikwa masaji ya kuondoa sumu, na mteja anaambiwa anywe maji mengi ili azisukume nje. Sumu gani? Kazi ya kusafisha damu inafanywa na ini na figo, zinafanya usiku na mchana bila kunisubiri mimi. Kunywa maji ukiwa na kiu, ni vizuri tu, ila usinywe kwa sababu ya hizo hadithi. Halafu kuna ile ya asidi ya laktiki, wanamichezo ndo wanaipenda, eti misuli inauma kwa sababu asidi imebaki ndani na mimi naikamua. Hiyo laktati mwili unaiondoa wenyewe ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi, mtu akinijia kesho yake haipo tena. Maumivu ya siku ya pili na ya tatu yanatokana na vijeraha vidogovidogo ndani ya msuli na ule uvimbe wa kujitibu, na masaji inaweza kuyapunguza kidogo, ila haiyafuti.

Wakimbiaji nao wana lile eneo la nje ya paja, kuanzia nyonga hadi goti, wanataka niwasugue hapo na kiwiko mpaka walie. Ule ni utando mnene mno, umejengwa kuhimili, hakuna kiwiko cha binadamu kitakachourefusha. Nikigundua mtu analalamika hapo naenda kwenye makalio na ile misuli ya juu mbele ya nyonga inayoushika huo utando, huko ndo kunabadilika kitu, na hakuna anayelia.

Sasa kama sitoi sumu na sirefushi utando, natoa nini? Unafuu. Mgongo unaouma unapungua kuuma kwa muda, siku kadhaa, wengine zaidi, shingo inageuka zaidi ya ilivyokuwa inageuka, usingizi unakuja, wasiwasi unashuka. Kwangu hiyo inatosha na ndo ninayouza. Mtu ambaye hajalala vizuri siku nyingi akilala usiku mmoja, mwili wake unajua cha kufanya na huo usingizi. Ila anayekuahidi kwamba atakurudishia diski ya mgongo mahali pake kwa mafuta na vidole, ondoka tena ondoka haraka.

Haya mafundo ya misuli yenyewe bado yana utata mkubwa. Daktari wa Marekani Janet Travell, aliyemtibu rais John F. Kennedy mgongo, ndo aliyezipa umaarufu zile sehemu ambazo ukizibonyeza maumivu yanajitokeza mahali pengine kabisa, akashirikiana na David Simons kuzichora mwili mzima. Wanasayansi wanaendelea kubishana ni nini hasa kinachotokea ndani ya hizo sehemu, wengine hawazikubali kabisa. Mi sibishani nao, ila nikikuta mtu ana kichwa kinamgonga upande mmoja nikaushika msuli wa juu ya bega, ule nene unaoshikika kati ya vidole na dole gumba, nikaubana taratibu na kusubiri, wengi wananiambia kitu kilekile, "hapohapo, lakini mbona nasikia huku juu ya sikio?" Kile kitu hakizoeleki. Nabana bega anashika kichwa.

Tuache hayo tuje kwenye jambo ambalo watu hawalioni kabisa kwa sababu linafanyika kwa kutofanya. Sehemu kubwa ya nilichosomea ni wapi nisiguse na nani nisimguse. Mbele ya shingo kuna mishipa mikubwa ya damu inayopeleka damu kichwani, hapo hapabonyezwi. Nyuma ya goti, kwenye kwapa, ndani ya kiwiko, huko mishipa na neva zimepita juu juu hazina nyama ya kuzilinda. Kiunoni juu kidogo, kwenye mbavu za mwisho, ndo zilipo figo, ile ya kupigapiga kwa mikono haifanyiki pale hata mteja aombe. Mwenye homa arudi nyumbani alale. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, namkanda kwa presha nyepesi mno, la sivyo atatoka hapo ana madoa. Mjamzito mimba ikishakua simlazi chali muda mrefu, mfuko wa uzazi unakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, anaanza kuona kizunguzungu, namlaza ubavu na mito kila sehemu, katikati ya magoti, chini ya tumbo, wa kukumbatia, na wengi wanasema ndo mara ya kwanza wamepata raha ya kulala tangu mimba ianze kuwa kubwa.

Shida ni fomu. Watu hawajazi fomu jamani. Mtu unampa karatasi inauliza magonjwa, dawa, upasuaji, anachora mstari mmoja mrefu kote "hapana hapana hapana" anarudisha ndani ya sekunde. Halafu uko katikati ya kazi unaona kovu refu tumboni, unauliza, "ah hilo, nilifanyiwa oparesheni mwezi uliopita, imepona". Imepona kwa nani?

Kubwa kuliko yote ni mguu. Mguu mmoja, namaanisha, sio miwili. Alikuja kaka mmoja ametoka safari ndefu ya ndege, analalamika kigimbi kimekaza, anataka nikikande kwa nguvu zote ndo kilegee. Nikamwangalia akiwa amelala, kigimbi cha kulia kimevimba kuliko cha kushoto, kina joto ukikigusa kwa nyuma ya mkono, rangi imebadilika. Sikumgusa tena. Nikamfunika nikamwambia kaka, leo sikukandi, nenda hospitali sasa hivi, waambie wakuangalie kama kuna damu imeganda kwenye mshipa wa ndani ya mguu. Maana kama ni hiyo, mi nikiikanda naweza kulisogeza lile donge, likipanda likafika kwenye mapafu mtu anaweza kufa, na hatari hiyo iko kwa waliokaa safari ndefu bila kunyoosha miguu, waliotoka kufanyiwa upasuaji, waliojifungua karibuni, waliofungwa plasta ngumu mguuni. Alikasirika sana, akasema amelipia masaji sio ushauri, nikamrudishia hela yake yote akaondoka amenuna. Hajarudi tena na mi niko sawa kabisa na hilo.

Haya, na zile meseji. Najua mlikuwa mnazisubiri. Mtu anaandika saa tano usiku, "mambo, mna masaji full?" au "huduma spesho ipo?" au kuna wale wajanja wanaozunguka, "na ukimaliza huwa mnafanyaje?" Nikimaliza nanawa mikono kaka. Zamani nilikuwa najibu kwa maelezo marefu, siku hizi ni blok tu, maelezo hayamsaidii mtu ambaye anajua vizuri anachouliza. Wakiwa kitandani ni habari nyingine. Kwanza tuelewane, mwili wa mwanaume ukilegea unaweza kujibu wenyewe bila yeye kutaka, ni damu na neva tu, hilo sio kosa, nabadilisha sehemu ninayofanyia kazi, naongeza taulo, maisha yanaendelea na yeye mwenyewe anashukuru hatukuliongelea. Kosa ni mkono wake ukisogea kuja kwangu, au maneno. Hapo sina onyo la pili. Natoa mikono, namfunika, namwambia huduma imeisha, vaa nguo utanikuta nje, na malipo ni ya saa nzima. Sauti ya kawaida tu, bila kelele. Mlango wangu haufungwi kwa ufunguo na kuna mtu mwingine daima kwenye jengo, na hicho kitu kwangu hakina mjadala hata kama mwenye sehemu ananiona mgumu.

Taulo pia lina kazi yake hapo. Ninachofunua ni kile ninachokikanda, mguu mmoja, mkono mmoja, mgongo hadi kiunoni, vingine vyote vimefunikwa na kuchomekwa pembeni ili visihame. Mteja mgeni anaweza kubaki na nguo zake za ndani, sijali, mafuta yanatoka kwa kufua. Wenzangu wa kiume wana tabu yao nyingine ambayo naona haizungumzwi, wateja wanapiga simu wakisikia ni kaka wanakata, wanawake wanaogopa, wanaume wenzao ndo hawataki kabisa, na kuna mkandaji mmoja wa kiume nimefanya naye kazi ana mikono mizuri kuliko yangu mbali sana lakini kutwa anakaa anasubiri.

Watu wengine wanalia. Sio kwa maumivu, wanalia tu, uko kwenye mabega au chini ya kisogo unasikia pumzi imebadilika, unaangalia chini ya kile kitundu unaona machozi yanadondoka sakafuni. Mara ya kwanza inakuchanganya. Siulizi kulikoni. Napunguza mwendo, naacha mkono umetulia palepale, namuuliza kwa sauti ndogo, "niendelee au nisimame kidogo?" Karibu wote wanasema endelea. Namsogezea tishu, na tukimaliza sianzishi hiyo mada, akitaka kusema atasema mwenyewe. Mi sio mshauri nasaha na sitaki kujifanya, kazi yangu inaishia kwenye misuli, na yule mwenye mzigo mzito namwambia wazi kuna watu wamesomea hilo. Ila wapo wanaoongea saa nzima, ndoa, bosi, shemeji, kiwanja, nikijibu "mmh" inatosha wanaendelea. Siku nyingine natoka najua siri za nusu ya mtaa na sina wa kumwambia, kwa sababu kilichosemwa pale kitandani kinabaki palepale.

Kitu ambacho hakuna aliyenionya kabla sijaanza ni kufua. Nusu ya hii kazi ni kufua taulo na mashuka. Kila mteja shuka jipya, taulo jipya, kitambaa cha uso kipya, na mafuta yakikaa kwenye kitambaa yanachacha, yanatoa harufu fulani hivi ya karanga za zamani ambayo haitoki tena. Nafua siku hiyohiyo, maji ya moto, na sabuni ya kuoshea vyombo kidogo kwa ajili ya mafuta. Na hili wengi hawalijui, taulo zenye mafuta zikitoka kwenye mashine ya kukaushia zikiwa za moto ukazirundika, zinaweza kuwaka zenyewe. Kweli kabisa, mafuta yanapokutana na hewa yanatoa joto, joto halina pa kutokea katikati ya rundo, linapanda mpaka moto unawaka bila kiberiti wala nini. Kwahiyo taulo zangu nazitandaza zipoe kwanza ndo nakunja. Na mafuta yenyewe nauliza kwanza kama mtu ana mzio wa karanga au lozi, kwa sababu mafuta ya lozi tunayatumia sana na kuna mtu ngozi itamuumuka hapohapo.

Mkija kwetu msitupimie kwa maumivu basi. Nikikuuliza presha ikoje nipe namba, moja hadi kumi, ikifika saba nimeshafika mwisho, na ukiona unabana pumzi au unakunja vidole jua tumeshapitiliza hata kama mdomo unasema ongeza. Niambie tu, "dada punguza", sinuni. Wengine wanavumilia saa nzima kwa adabu halafu hawarudi tena, na mi sikujua.

Na hawa wadogo zangu wanaonitumia meseji wanataka kuanza kazi hii, wananiuliza wanunue mafuta gani, mziki gani, mishumaa. Nunua kitanda ambacho miguu yake inapanda na kushuka. Simama wima pembeni yake, acha mikono ining'inie, ukikunja ngumi iguse juu ya kitanda, hapo ndo pa kuanzia, akija mtu mnene unashusha, akija mwembamba unapandisha, na kama unatumia viwiko sana shusha zaidi. Kitanda kikiwa juu mno utasukuma kwa mabega, kikiwa chini mno utainama na kiuno kitakuwa chako cha kukandwa. Soma anatomia kwenye chuo cha kweli chenye mwalimu anayekusimamia ukimshika mtu, video peke yake haikuonyeshi uzito. Kata kucha. Na nenda ukakandwe na watu tofauti tofauti, wazuri na wabovu, hasa wabovu, lala pale uone mtu akikuvamia mgongo inakuwaje. Mishumaa utanunua baadaye ukipata hela, wateja wengi hata hawaioni, wamelala kifudifudi.